Mizani ya Ubongo

Katika elimu zote ambazo binadamu amejifunza, elimu ya ubongo ina jambo moja la pekee: kitu kinachochunguza na kitu kinachochunguzwa ni kimoja. Mjuzi wa nyota hutazama kilicho mbali naye, na mjuzi wa mawe hushika kisicho na uhai. Lakini mwanafunzi wa ubongo hutumia ubongo wake kuupima ubongo wa mwenziwe. Kwa sababu hiyo elimu hii ina hatari ambayo ni haba katika nyingine. Mpimaji akiingia kazini na majivuno, majivuno yake hupanda juu ya mizani pamoja na kitu kinachopimwa, na hesabu inayotoka hudhaniwa kuwa hukumu ya maumbile kumbe ni hukumu ya mpimaji. Historia ya Afrika ya Mashariki ina ushahidi wa hatari hiyo, na ina ushahidi wa dawa yake pia. Kijana anayeingia chuo kikuu kwa nia ya kusoma elimu hii, akauliza itamfikisha katika kazi gani, aweza kupata katika historia hiyo jibu bora kuliko lile la orodha ya vyeo na mishahara.

Jina la elimu ya ubongo ni changa, walakini asili yake ni ya zamani. Waganga wa Misri, wa Uyunani na wa nchi za Kiislamu waliandika habari za majeraha ya kichwa na za kifafa karne nyingi zilizopita. Lakini ubongo wenyewe ulibaki kama sanduku lililofungwa. Chembe zake ni ndogo mno na zimesongamana kama mizizi ya mikoko; hadubini ilipoelekezwa juu yake ilionyesha utando uliofumwa, wala haikuonyesha uzi mmoja unaanzia wapi na unaishia wapi.

Aliyelifungua sanduku hilo alikuwa Camillo Golgi, daktari wa Italia, katika hospitali ya wagonjwa wasiotazamiwa kupona huko Abbiategrasso. Hakuwa na maabara. Alifanya kazi usiku katika jiko lililogeuzwa kuwa chumba cha uchunguzi. Mwaka 1873 alitangaza njia ya kuutia ubongo dawa za chumvi na fedha, ambayo hufanya chembe chache tu kati ya maelfu zigeuke nyeusi, kila moja na matawi yake yote. Miaka kumi na minne baadaye, mwaka 1887, Mhispania Santiago Ramón y Cajal alionyeshwa mjini Madrid ubongo uliotiwa dawa hiyo. Mtu huyu katika utoto wake alitaka kuwa mchoraji. Baba yake, aliyekuwa mpasuaji, alikataa, akampeleka kwa kinyozi na kwa mshona viatu ajifunze adabu ya kazi, na mwishowe akamtia katika udaktari. Mkono wa mchoraji haukupotea. Alichora alichokiona katika hadubini mpaka akasadiki kwamba kila chembe ya ubongo ni kitu kamili, na kwamba chembe hupelekeana habari bila ya kuungana.

Golgi hakukubali. Yeye aliamini kwamba mishipa ya fahamu yote ni wavu mmoja usiokatika. Mwaka 1906 watu hawa wawili waligawana Tuzo ya Nobel, na Golgi katika hotuba yake ya kupokea tuzo aliishambulia rai ya mwenziwe. Hadubini za elektroni za miaka ya 1950 zilionyesha nafasi ndogo iliyo baina ya chembe na chembe, na katika shauri hilo Cajal akawa mshindi. Jambo la kukumbukwa ni kwamba watu wawili walitumia dawa ile ile, wakatazama kitu kile kile, na kila mmoja akaona alichotazamia kukiona. Kama mambo yalikuwa hivyo kwa mabingwa wawili waliotazama chembe za ubongo wa ndege na wanyama wadogo, yatakuwaje kwa mtu anayeutazama ubongo wa mtu aliyemtawala?

Kabla ya kulijibu swali hilo yafaa kuitazama njia ambayo elimu hii ilipita hata ikawa somo la chuo kikuu, kwa sababu njia yenyewe ina fundisho. Mwingereza Charles Sherrington, aliyelipa jina lake pahali ambapo chembe mbili hukutana mwaka 1897, alikuwa mtaalamu wa utendaji wa mwili. Alan Hodgkin na Andrew Huxley walichukua ngisi wa pwani ya Plymouth, ambaye ana mshipa wa fahamu mnene kiasi cha kuonekana kwa macho, wakapima umeme unaopita ndani yake; mwaka 1952 wakatoa kanuni za hisabati zinazoeleza safari ya umeme huo, nazo Huxley alizifanyia hesabu kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Mmoja kati ya watu hawa alihitaji uchoraji, mwingine kemia, mwingine hisabati na ufundi wa vyombo. Hapana hata mmoja aliyekuwa na shahada ya elimu ya ubongo, kwa kuwa shahada hiyo haikuwako.

Shahada ilikuja baada ya kazi. Mwaka 1961 lilianzishwa shirika la kimataifa la uchunguzi wa ubongo, linalojulikana kwa herufi IBRO. Mwaka 1962 Francis Schmitt, katika chuo cha MIT cha Marekani, alianza kuwakusanya wanafizikia, wanakemia, madaktari na wajuzi wa tabia za viumbe wazungumze juu ya ubongo katika baraza moja. Mwaka 1966 Stephen Kuffler aliunda Harvard idara iliyowaweka wataalamu wa namna hiyo chini ya paa moja. Mwaka 1969 chama cha wanaelimu ya ubongo kiliundwa Marekani, na mwaka 1973 Chuo cha Amherst kilianza kuwafundisha somo hilo wanafunzi wa shahada ya kwanza. Basi elimu ya ubongo ni mtoto wa baba wengi, na mtoto wa namna hiyo hurithi nyumba nyingi. Kazi zake ni nyingi kwa sababu chimbuko zake ni nyingi.

Afrika ya Mashariki elimu hii ilifika kabla ya kuwa na jina hilo, na ilifika kwa sura nyingine. Katika miaka ya 1930 F. W. Vint, daktari wa serikali katika maabara ya Nairobi, alipima ubongo wa maiti 100 wa Kiafrika. Mwaka 1934 alichapisha Uingereza, katika jarida la wajuzi wa umbile la mwili, makala juu ya ubongo wa mwenyeji wa Kenya. Alisema kwamba uzito wake wa wastani ni gramu 1,276, akaulinganisha na gramu 1,428 alizozihesabu kuwa za Mzungu. Akasema pia kwamba gamba la ubongo wa Mwafrika ni jembamba zaidi. Mwenzake H. L. Gordon, aliyeisimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, alipima vichwa vya watu kwa maelfu akatoa hukumu ya namna hiyo hiyo. Mwaka 1933 kiliundwa Kenya chama cha kuchunguza uboreshaji wa mbegu za watu, na Gordon alikuwa mmoja wa wakuu wake. Alionya kwamba elimu ya Kizungu yaweza kuulemea ubongo wa Mwafrika hata ukaharibika.

Onyo hilo ndilo lililokuwa shabaha ya mizani ile. Gramu mia na hamsini zilikuwa zikigeuzwa kuwa sababu ya kumnyima mtoto shule. Nchi ambayo walowezi walihitaji vibarua wa mashamba ilipewa na maabara yake habari kwamba wenyeji waliumbwa kuwa vibarua. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Kosa la vipimo vile halikuwa la siri. Uzito wa ubongo hufuata ukubwa wa mwili, umri, lishe na maradhi yaliyomuua mtu, na hugeuka kwa muda uliopita tangu kufa na kwa dawa iliyotumiwa kuuhifadhi. Maiti za hospitali ya watu maskini haziwezi kulinganishwa na hesabu zilizokusanywa na watu wengine, katika nchi nyingine, kwa njia nyingine. Tena uzito wenyewe haupimi akili. Mwandishi wa Ufaransa Anatole France, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi, alikufa mwaka 1924 akaacha ubongo wa gramu 1,017 hivi. Albert Einstein alikufa mwaka 1955, na ubongo wake ulipowekwa katika mizani ulikuwa gramu 1,230. Kwa mizani ya Nairobi, mtu aliyegeuza fikira za ulimwengu juu ya wakati na nafasi angehesabiwa kuwa chini ya wastani wa wale walioambiwa kwamba shule itawalemea.

Serikali ya Uingereza haikutoa fedha ambazo Gordon na wenzake waliomba kuendeleza uchunguzi huo, na wataalamu kadhaa wa huko waliupinga. Lakini ushahidi uliokuwa karibu zaidi haukutafutwa. Huko Makerere, safari isiyozidi siku chache kwa gari moshi kutoka Nairobi, vijana wa Kiafrika walikuwa wakifundishwa udaktari tangu miaka ya 1920: wakipasua maiti, wakiyahifadhi majina ya mishipa, wakitibu wagonjwa. Ubongo uliodaiwa kutoweza kubeba elimu ulikuwa ukibeba elimu ya ubongo. Waliopima maiti hawakwenda kuwapima walio hai.

Rai iliyokataliwa kwa jina moja hurudi kwa jina lingine. J. C. Carothers, daktari wa serikali, alikabidhiwa hospitali ya Mathari mwaka 1938 bila ya kuwa amejifunza maradhi ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika katika uzima na ugonjwa. Zama hizo upasuaji wa kukata nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo, ulioitwa leukotomia, ulikuwa na sifa kubwa. Mreno Egas Moniz, aliyeuanzisha mwaka 1935, alikuwa amepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1949. Carothers aliandika kwamba Mwafrika wa kawaida hufanana na Mzungu aliyekatwa nyuzi hizo, kwa kuwa haitumii vya kutosha sehemu ya mbele ya ubongo wake. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ilichapisha maandishi yake juu ya Mau Mau, ambamo alitafuta chanzo cha vita katika nafsi iliyochanganyikiwa baina ya desturi za kale na mambo mapya. Watu waliodai ardhi walijibiwa kwa maelezo ya ugonjwa. Hapo mizani ilikwisha ondoka maabara ikaingia vitani.

Majibu mawili yalitoka Afrika yenyewe. La kwanza lilikuwa la maneno: Frantz Fanon, daktari wa magonjwa ya akili aliyetumika Algeria, alikishambulia kitabu cha Carothers katika kitabu chake cha mwaka 1961, akaonyesha jinsi udaktari ulivyotumikia ukoloni. La pili lilikuwa la matendo. Thomas Adeoye Lambo, Mnigeria aliyezaliwa mwaka 1923 na kusomea udaktari Birmingham, alianza kazi katika hospitali ya Aro karibu na Abeokuta mwaka 1954. Badala ya kuwafungia wagonjwa ndani ya kuta, aliwaweka katika nyumba za wanakijiji wa jirani pamoja na jamaa zao. Mchana walitibiwa, jioni walirudi kati ya watu. Pamoja na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cornell alifanya uchunguzi wa maradhi ya akili kwa Wayoruba, ukachapishwa mwaka 1963. Baadaye Lambo alikuwa Naibu Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, shirika lile lile lililochapisha kitabu cha Carothers. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Lakini ugonjwa wa akili hupata watu wote, na tiba yake hupatikana kwa kumjua mgonjwa na watu wake.

Katika Tanganyika mabadiliko ya namna hiyo yalianza kwa utulivu zaidi, juu ya milima ya Mahenge. Louise Jilek-Aall, daktari kijana wa Norway, aliwakuta kwa Wapogoro wagonjwa wengi wa kifafa, wengi wakiwa na makovu ya moto kwa kuanguka mekoni. Watu waliogopa povu la mgonjwa, wakisadiki kwamba huambukiza. Mgonjwa alikula peke yake, akalala peke yake, na alipoangukia motoni au majini aliyethubutu kumshika alikuwa mchache. Mwaka 1960 daktari huyo alianzisha kliniki ya kifafa akatumia fenobabitali, dawa ya bei ndogo. Alifanya pia kazi nyingine ambayo wapimaji wa Nairobi hawakuifanya: aliwauliza watu. Alisikiliza majina waliyoyatumia, sababu walizozitaja na desturi walizozifuata, akayaandika yote katika makala iliyotoka mwaka 1965. Katika maandishi yake ya zama hizo imo habari ya watoto waliokuwa wakiinamisha kichwa tena na tena kama wasinziao. Miaka mingi baadaye maradhi ya namna hiyo yalipowapata maelfu ya watoto katika Sudan ya Kusini na Uganda ya kaskazini, wachunguzi walirudi katika habari za Mahenge. Uhusiano wake na usubi, maradhi yaletwayo na inzi wadogo wa mito iendayo kasi, umeonekana mara nyingi. Namna unavyotenda ndani ya ubongo ingali inachunguzwa.

Kazi hiyo haikubaki mikononi mwa wageni. Henry Rwiza, daktari Mtanzania wa mishipa ya fahamu, aliongoza uchunguzi wa nyumba kwa nyumba katika vijiji 11 vya wilaya ya Ulanga. Watu 18,183 walihesabiwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1992 yalionyesha kwamba watu 10 hivi katika kila 1,000 walikuwa na kifafa. Mwaka huo huo yeye na Jilek-Aall walitoa habari za wagonjwa 164 wa kliniki ya Mahenge waliofuatwa kwa muda wa miaka thelathini. Zaidi ya nusu walipata nafuu ya kutoanguka tena walipotumia dawa. Lakini wengi walikuwa wamekwisha kufa, na vifo vingi vilitokana na kifafa chenyewe, kwa kuzama majini, kwa kuungua na kwa degedege lisilokoma. Hapa tena palikuwa na mizani na hesabu. Tofauti ni kwamba hesabu hii ilitafuta nini kimempata mtu na nini kitamsaidia, wala haikutafuta daraja la kumketisha.

Mfano wa Tarime unaonyesha jambo lingine: kwamba mtumishi wa elimu ya ubongo si lazima awe daktari. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa wilaya hiyo iliyo karibu na Ziwa Viktoria walipatwa na maradhi ya ghafula. Mtu aliyelala mzima aliamka miguu imekakamaa, hawezi kutembea. Na aliyepooza hivyo hakurudia hali yake ya kwanza. Maradhi hayo yalikuwa yameandikwa na Giovanni Trolli mwaka 1938 katika Kwango, Kongo, na Wayaka wa huko waliyaita konzo, jina lenye maana ya miguu iliyofungwa. William Howlett, daktari wa mishipa ya fahamu, aliwachunguza wagonjwa wa Tarime. Pamoja naye alikuwako Hans Rosling wa Uswidi, aliyekwisha kuona mambo kama hayo Msumbiji mwaka 1981. Alikuwako pia Nicholas Mlingi wa Tanzania, ambaye taaluma yake ilikuwa chakula.

Mtaalamu wa chakula alikuwa na kazi gani katika maradhi ya ubongo na uti wa mgongo? Kazi yake ilikuwa kubwa. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na wanawake wa vijiji huiondoa kwa kuuvundika na kuuanika kwa siku nyingi. Njaa ikizidi, siku hupunguzwa. Muhogo ulioandaliwa kwa haraka, ukiliwa wiki nyingi bila ya maharage, samaki wala nyama, huacha sumu ambayo mwili hauna nguvu ya kuivunja. Siri ya konzo ilikuwa katika kinu, uchaga na jua. Ilihitaji mtu wa kumpima mgonjwa magoti, mtu wa kupima unga, mtu wa kupima mkojo, na mtu wa kumwuliza mpishi kwa adabu jana aliuanika muhogo kwa muda gani. Uchunguzi huo ulichapishwa mwaka 1990. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mfano wa mwisho unairudisha habari katika Kenya na katika mizani yenyewe. Mwaka 1989 kituo cha utafiti cha KEMRI kilianza kazi Kilifi pamoja na Chuo Kikuu cha Oxford na mfuko wa Wellcome. Miongoni mwa maradhi yaliyochunguzwa hapo ni malaria inayopanda kichwani na kumtia mtoto katika usingizi mzito. Zamani ilidhaniwa kwamba mtoto akiamka amepona. Charles Newton na wenzake waliwafuata watoto baada ya kutoka hospitali, ikaonekana kwamba karibu robo yao walibaki na upungufu wa kumbukumbu, wa kusema au wa kufahamu, na baadhi yao walipata kifafa. Ili upungufu huo ujulikane ilihitajiwa mizani. Na mizani iliyotengenezwa kwa mtoto wa Ulaya, yenye picha za vitu asivyopata kuviona mtoto wa Kigiriama, ingerudia kosa la Nairobi. Kwa hiyo Penelope Holding alitengeneza vipimo vinavyofuata lugha na maisha ya watoto wa Kilifi. Mwaka 2008 Amina Abubakar, mwanasaikolojia wa Kenya, pamoja na Holding na wenzao, walichapisha kipimo cha makuzi ya watoto wachanga chenye jina la Kilifi. Mtoto huombwa kufanya mambo kwa vitu vinavyojulikana nyumbani kwao, kwa lugha ambayo mama yake humwimbia.

Kati ya mizani ya Vint na mizani ya Kilifi ipo miaka zaidi ya sabini, na ndani yake ipo historia yote ya elimu hii katika nchi hizi. Mizani ya kwanza ilipima maiti wasioweza kujibu ili kufunga mlango wa shule. Mizani ya pili humpima mtoto aliye hai, mbele ya mama yake, ili ijulikane amepungukiwa na nini na ni msaada gani utamfanya akae darasani pamoja na wenziwe. Zote mbili ni elimu ya ubongo, na zote mbili zilichapishwa katika majarida ya wataalamu. Shahada peke yake haikuzitenganisha. Aliyezitenganisha ni mtu aliyezishika, na swali alilokuwa nalo moyoni.

Basi kijana anayeuliza habari za kazi hukuta njia nyingi mbele yake. Katika vyuo vikuu vingi huanza kwa udaktari, elimu ya viumbe, saikolojia, famasi, fizikia au hisabati, kisha akaelekea katika ubongo kwa shahada ya pili au ya tatu. Kwingine huanza na somo lenyewe. Akipenda kutibu, yuko daktari wa mishipa ya fahamu, mpasuaji wa ubongo, daktari na muuguzi wa magonjwa ya akili, na mtaalamu wa kuwarudishia viungo nguvu waliopooza. Akipenda vyombo, iko kazi ya kupiga picha za ubongo na ya kupima umeme wake. Akipenda hesabu, uchunguzi kama ule wa Ulanga hausimami bila ya mjuzi wa takwimu, na siku hizi kompyuta hutumiwa kusoma mawimbi ya ubongo. Akipenda watoto, iko kazi ya kupima makuzi na kuwasaidia walimu wa wanafunzi wenye shida ya kujifunza. Akipenda maabara, iko kazi ya kutafuta dawa. Na akipenda vitabu, iko kazi ya kufundisha na ya kuandika. Wengine huingia katika sheria na utawala wa afya, ambako maswali ya akili timamu na haki za mgonjwa huamuliwa kila siku.

Njia hizi si rahisi. Masomo huchukua miaka mingi, fedha za utafiti hugombewa, na madaktari wa mishipa ya fahamu katika Afrika ya Mashariki wangali wachache mno kwa idadi ya wagonjwa. Wengi wanaosomea mbali huvutwa wabaki huko. Lakini uchache huo maana yake ni kwamba nafasi ya mtu mmoja ni kubwa. Kliniki moja ya Mahenge ilifungua habari ambazo ulimwengu ulizihitaji nusu karne baadaye, na mtu mmoja aliyepima unga alisaidia kueleza kwa nini watu walipooza.

Yako madai mapya juu ya ubongo kila mwaka, na si yote yaliyopimwa vyema. Wako wanaoahidi kusoma akili ya mtu katika picha, na wako wanaotaka kugawa watu katika makundi kwa namna ya chembe zao. Kwa maneno hayo mwanafunzi aliyesoma historia ya Nairobi, Mahenge, Tarime na Kilifi ana maswali tayari: nani amepimwa, na nani hakupimwa, kwa lugha gani, kwa mizani iliyotengenezwa wapi, na nani atapata faida kwa jibu hilo. Anayeuliza hayo kabla ya kusadiki amekwisha kuianza kazi ya elimu ya ubongo, hata kabla ya chuo kikuu kumpa cheti.